MTOA ULOTO HUTAFUTWA KWANZA NYUMBANI

(Maelezo ya Mhariri: Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, fundi wa maabara mstaafu, katika siku ya pili ya mkutano wetu. Tunaichapa kwa sababu wengi waliomba nakala, na vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita waliuliza maswali mpaka kengele ya chakula ikalia.)



Kwanza napenda kuishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nilikuwa nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya maabara kwa jumla, ili kuwavutia vijana wapende masomo ya sayansi. Lakini jana jioni sanduku la michango lilipitishwa humu bwaloni kwa ajili ya mtoto wa mwenzetu mmoja, ambaye kwa ombi la wazazi wake simtaji jina. Mtoto huyo ana miaka 9 na anaumwa selimundu ya kali. Madaktari wamewaambia wazazi wafikirie kumpandikizia uloto. Sanduku lilipokuwa linapita, nilisikia watu wengi wakiuliza, "Zinatakiwa shilingi ngapi?" Ni swali jema. Lakini sikusikia mtu hata mmoja akiuliza, "Je, nani atatoa uloto?" Kwa hiyo nimeiomba Kamati ruhusa nibadili mada, nami nimeruhusiwa.

Neno langu leo ni hili: fedha huchangwa na wengi, lakini uloto hutolewa na mmoja, na huyo mmoja hutafutwa kwanza nyumbani.

UGONJWA NA ZIWA LETU

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu, ule ule tunaovunia mpunga kule Magu na Misungwi. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, zikaleta maumivu makali ya mifupa na kifua, na wakati mwingine kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Tena hufa upesi, na ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu mara kwa mara.

Mtoto huupata ugonjwa akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, kwa pande zote mbili. Akirithi upande mmoja tu haumwi; huyo tunamwita mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hakuna uchawi hapa, na hakuna wa kulaumiwa. Nasema hivi kwa kuwa nimewaona akina mama wengi wakirudishwa kwao kwa ajili ya ugonjwa huu, hali mume naye amechangia nusu sawasawa.

Kwa nini uwe mwingi kwetu? Jibu lake lilipatikana katika Afrika Mashariki. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba sana katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: mbebaji hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, wabebaji walinusurika wakazaa, na kasoro ikabaki katika ukoo. Ziwa limetulisha sato na dagaa, lakini mbu wake nao wametuachia urithi huu.

Urithi huo si mdogo. Mwaka 2020 ilitangazwa taarifa ya uchunguzi wa damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliofanywa na wataalamu wa Bugando pamoja na wenzao. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na kiasi cha watoto 12 kati ya 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Humu bwaloni tumo watu wapatao 300. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaona kwamba jambo hili halimhusu mwenzetu mmoja tu. Kwa nchi nzima inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

ULOTO NI NINI?

Wote tumekula supu ya kongoro na kufyonza mfupa. Kile kitu laini ndani ya mfupa ndicho uloto. Kwa mwanadamu uloto ni kiwanda cha damu: chembe nyekundu, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vigandisha damu, vyote hutengenezwa humo. Mgonjwa wa selimundu ana kiwanda chenye mashine mbovu. Kumwongezea damu ni kama kununua bidhaa kwa jirani: inasaidia, lakini kiwanda kinaendelea kutoa chembe mbovu. Kupandikiza uloto ni kubadili mashine yenyewe.

Jambo hili lilijulikana kuwa linawezekana mwaka 1984, madaktari wa hospitali ya St. Jude, katika mji wa Memphis, Marekani, walipoeleza habari za binti wa miaka 8. Binti huyo alikuwa na saratani ya damu pamoja na selimundu. Walimpandikizia uloto wa ndugu yake kwa ajili ya saratani, na selimundu nayo ikaondoka. Mwaka 2017 zilitangazwa habari za wagonjwa 1,000 wa nchi mbalimbali waliopandikiziwa uloto wa ndugu waliolingana nao kabisa. Baada ya miaka mitano zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa hai. Tena waliopandikiziwa wakiwa wadogo walifanikiwa zaidi kuliko waliochelewa.

Hapa nchini upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2021, kwa wagonjwa watu wazima wa saratani ya damu, ambao walirudishiwa uloto wao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Jambo ambalo zamani lilikuwa la kupanda ndege, leo mtu anaweza kulifuata kwa basi.

HESABU YA KUMTAFUTA MTOAJI

Sasa tuje kwenye kiini. Si kila uloto hukubaliwa na kila mwili. Juu ya chembe za mwili wa kila mtu kuna alama za utambulisho, ambazo madaktari huziita kwa kifupi HLA. Ni kama namba za nguo zetu bwenini: kila kijana alishona namba yake ili dobi asichanganye. Uloto wenye namba ngeni ukiingia mwilini, huweza kukataliwa. Au, jambo la hatari zaidi, huanza kuushambulia mwili ulioupokea. Yaani mgeni anampiga mwenyeji.

Namba hizi hazifuati kundi la damu. Watu huniambia, "Mimi na mtoto tuko kundi O, basi nitampa." La. Makundi ya damu yanaweza kutofautiana na upandikizaji ukafanikiwa. Lakini namba hizi zikitofautiana sana, kazi huwa ngumu na ya hatari.

Kila mtu hupokea fungu moja la namba kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama. Baba ana mafungu mawili, naye hutoa moja; mama hali kadhalika. Kwa hiyo baba hulingana na mtoto wake kwa nusu tu, na mama kwa nusu tu. Mapenzi ya mzazi hayana nusu, lakini namba zake zinayo. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutokea kwa namna nne, na nafasi ya ndugu kulingana kabisa na nduguye ni moja katika nne.

Vijana wa hesabu, chukueni kalamu. Mgonjwa akiwa na ndugu mmoja, nafasi ya kupata wa kulingana ni 25 katika 100. Akiwa na wawili, ni 44. Akiwa na watatu, ni 58. Akiwa na watano, ni 76. Haifiki 100, hata ndugu wakiwa kumi. Tena ndugu mwenye ugonjwa huo huo huondolewa katika hesabu, ingawa ndugu aliye mbebaji tu anaweza kutoa.

Mtoto wa mwenzetu ana ndugu watatu wa baba na mama mmoja. Wote wamepimwa, wala hakuna mwenye selimundu. Hesabu yake basi ni 58 katika 100. Damu za kulinganisha namba zimekwisha chukuliwa, na majibu bado. Ndugu zangu, hivyo ndivyo jambo lilivyosimama asubuhi hii tunapozungumza.

MAMBO YA NYUMBANI

Kuna mambo manne ya nyumbani ambayo huchelewesha kazi hii kuliko ukosefu wa fedha.

La kwanza ni neno lenyewe "ndugu". Sisi tukisema ndugu, tunakusanya binamu, mtoto wa baba mdogo, mtoto aliyelelewa na shangazi, na hata Mwenyekiti hapa tunamwita Ndugu. Ni tabia njema, na ndiyo iliyotulea. Lakini maabara haijui undugu huo. Daktari akisema leteni ndugu, maana yake ni wa baba yule yule na mama yule yule. Watoto wa mama tofauti kwa kawaida hawawezi kulingana kabisa. Mzee mwenye wake wawili anaweza kuleta watoto tisa, akakuta wanaohesabika ni wawili.

La pili ni siri. Kupima namba hizi kunaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayejulikana, au kwamba mtoto ni wa dada mkubwa aliyezaa akiwa shuleni na kulelewa na bibi kama wake. Mambo haya yapo katika koo zetu, na tusijifanye hayapo. Nawasihi wazazi: mwambieni daktari faraghani kabla ya kupima. Nanyi mtakaokuwa wataalamu, siri ya damu ya mtu si habari ya kijiweni.

La tatu ni hofu. Watu hudhani kwamba mtoa uloto hukatwa mfupa, au hupoteza nguvu za kiume, au uti wa mgongo huguswa. Si kweli. Mtoaji hulazwa usingizi kwa dawa, kisha uloto huvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Atasikia maumivu ya kiuno kwa siku kadhaa, na mwili hurudisha uloto uliotolewa katika majuma machache. Mgonjwa naye hapasuliwi. Huwekewa uloto kwa mpira wa mshipani, kama anayeongezewa damu, nao hujua wenyewe njia ya kwenda mifupani. Mzigo mkubwa uko kwa mgonjwa. Kwanza hupewa dawa kali za kuua uloto wa zamani, akabaki bila kinga majuma kadhaa katika chumba cha peke yake. Dawa hizo zinaweza kumletea maradhi ya kuambukizwa, na zinaweza kumnyima uzazi baadaye. Wazazi wana haki ya kuyasikia haya yote kabla ya kutia sahihi.

La nne ndilo linalosahauliwa. Mara nyingi mtoaji naye ni mtoto. Ana miaka 7, au 11, au 14. Wakubwa wote wanamtazama mgonjwa, naye huambiwa tu, "Utampa mdogo wako." Mtoto huyo aelezwe kwa lugha anayoielewa na aruhusiwe kuuliza, na ni vema daktari anayemwangalia yeye asiwe yule anayemtibu mgonjwa. Na upandikizaji usipofanikiwa, asiachwe akidhani kwamba uloto wake ndio uliomwua nduguye. Mwenzetu huyu, siku majibu yatakapofika, atakuwa na watoto wawili wa kuwaonea huruma, si mmoja.

NYUMBANI AKIKOSEKANA

Je, wakikosekana ndugu wa kulingana? Nchi nyingine zina daftari la watu wa kujitolea. Daftari la kwanza la namna hiyo lilianzishwa London mwaka 1974 na mama mmoja, Shirley Nolan, kwa ajili ya mwanawe Anthony. Mtoto huyo hakupata mtoaji, akafariki mwaka 1979. Lakini daftari lililobeba jina lake limewaokoa watoto wa wengine. Leo, ukiunganisha madaftari ya dunia, waliojiandikisha ni zaidi ya milioni 40.

Lakini milioni hizo zinamfaa kidogo mtoto wa Sengerema au Ukerewe. Namba hufuata ukoo, na walioandikwa wengi ni wa asili ya Ulaya. Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2014 ilionyesha kuwa Mzungu wa huko anaweza kumpata mtoaji wa kulingana kabisa kwa nafasi 75 katika 100, lakini kwa baadhi ya watu weusi nafasi ilikuwa 16. Sisi watu wa Afrika tuna namba za aina nyingi zaidi, na walioandikwa ni wachache. Afrika Kusini ilianzisha daftari lake mwaka 1991, na Nigeria mwaka 2012. Mtoto wa Kiafrika atapata mtoaji daftarini siku Waafrika watakapojiandika kwa wingi. Hatutaletewa watoaji kwa meli.

Ipo njia ya mtoaji wa nusu, yaani mzazi au ndugu anayelingana nusu. Katika baadhi ya vituo vikubwa duniani inazidi kufanikiwa, ingawa ina hatari zaidi. Tena mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha vinasaba katika uloto wa mgonjwa mwenyewe; bei yake huko ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mtu mmoja.

Basi asiye na mtoaji asikate tamaa, wala asiache dawa iliyopo kwa kungoja isiyopo. Kuna dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya watoto wapatao 600 katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda: waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria, na hata vifo. Kwa mtoto wa selimundu, kliniki isiyokatizwa, chandarua, maji ya kunywa ya kutosha na dawa ya kila siku ni tiba ya kweli.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, hotuba bila kazi ni kelele. Napendekeza kazi nne.

Kwanza, sanduku liendelee kupita, lakini tusiwaambie wazazi wa mtoto wa namna hii wangoje fedha zitimie ndipo wapime ndugu. Kupima namba kutangulie. Anayejua mapema kwamba mtoaji yupo atachanga kwa nguvu. Na anayejua mapema kwamba hayupo hatauza ng'ombe wote kwa safari isiyo na mwisho mwema.

Pili, damu. Aliyepandikiziwa uloto huhitaji kuongezewa damu mpaka kiwanda kipya kianze kazi, na wagonjwa wa selimundu huihitaji mwaka mzima. Kila mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Vijana wa Kidato cha Sita, wengi wenu mmefikia umri. Wanafunzi wa sekondari wamekuwa tegemeo kubwa la akiba ya damu nchini, na akiba hupungua shule zikifungwa. Nasi wazee tujaze pengo hilo wakati wa likizo.

Tatu, ninyi vijana mpime selimundu kabla ya kuchumbia. Sisemi wabebaji wawili wasioane. Hilo ni lao. Nasema waingie wakijua, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema na asipoteze miaka akitibiwa malaria asiyo nayo.

Nne, wenye watoto wenye ugonjwa huu wasifichane. Zamani mgonjwa kutoka Sengerema alingoja kivuko Busisi mpaka jua likachwa. Tangu mwaka 2025 daraja limefunguliwa, na gari hupita kwa dakika chache. Njia ya kufika Bugando imekuwa fupi. Tusiirefushe kwa aibu.

Mwisho, namrudia mwenzetu, ambaye najua ananisikia kutoka viti vya nyuma. Ndugu yangu, majibu yakija na jina la mmoja wa watoto wako, tutakusindikiza Dodoma. Yakija bila jina, tutakusindikiza kliniki, mwezi baada ya mwezi, na damu yetu itakuwa benki kabla yako. Wahenga walisema, damu nzito kuliko maji. Basi tuipime, tuitoe, na tuijue.